Sensa Sita za Trela

1

Trela liliingia gereji ya Ilula saa tatu asubuhi, likivutwa na gari la kuokoa lisilo na mtu ndani. Gari lile lilipita getini, likajipima, likarudi nyuma taratibu mpaka nafasi ya pili, likautua mzigo wake kama mzazi anavyomtua mtoto aliyelala, kisha likaondoka zake kurudi Iringa. Hakuna aliyesalimia wala aliyeaga.

Onesmo Kikoti alikuwa amekaa juu ya rimu kuukuu akimenya yai la kuchemsha. Alilijua lile trela kabla hajasoma namba zake. Alilitazama, akachovya yai kwenye chumvi, akalimaliza, akajifuta vidole kwenye ovaroli, ndipo akanyanyuka.

Lilikuwa trela la ekseli tatu, lenye tairi pana, moja kila upande; tairi sita kwa jumla. Ubavu wa kushoto ulikuwa umekwanguka mpaka bati likawa jeupe. Tairi la nyuma kushoto halikuwa tairi tena. Ilibaki rimu, na juu yake nyuzi za waya na vipande vya mpira vilivyoning'inia. Matano mengine yalikuwa mazima, yamejaa upepo kama hayakuwahi kutoka hapo.

Siku kumi na moja nyuma trela hilo lilisimama nafasi ileile, limebeba shaba kutoka Tunduma kwenda bandarini. Onesmo ndiye aliyelishughulikia. Saa mbili baadaye, kwenye mteremko wa Kitonga, tairi la nyuma kushoto lilipasuka, trela likayumba, likawafuata watu waliokuwa wakizibua mtaro. Wengine waliruka. Kilian Mhema, mwenye miaka ishirini na tisa, hakuwahi.

Habari hiyo Onesmo aliisikia redioni akiwa anapaka jeki grisi. Aliisikiliza mpaka mwisho. Ikafuata ya bei ya nyanya, akaisikiliza nayo. Msiba ulikuwa Mazombe, kwa pikipiki hata nusu saa haifiki. Hakwenda. Alipeleka debe la unga kwa mkono wa jirani. Tangu hapo alikuwa akila, akilala, akifanya kazi, lakini ndani yake kulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Anajua upo, ila hausikii.

Saa tatu na nusu alifika Levina Muhanga, ofisa wa kampuni yenye trela, na nyuma yake likaja trela jingine jipya likivutwa na kichwa, yaani gari la mbele, kilichojiendesha chenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa maneno, viatu vyake vya ofisini vimeshika vumbi.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene."

"Umeshampokea mgonjwa wangu?"

"Kaja mwenyewe, hata hodi hakupiga."

Levina alicheka kidogo. Akanyoosha mkono, kibali kikawaka kwenye saa yake. "Kazi ni ndogo. Sensa zote sita za tairi zitoke kwa huyu mbovu, ziingie kwa huyu mpya. Bado zina uhai wa miaka minne, makao makuu hawataki zitupwe. Zihamishe, zifundishe, uweke kidole cha kuthibitisha, saa kumi trela liwe barabarani."

"Polisi?"

"Wameshamaliza. Hakimu ameruhusu. Soma hapo."

Onesmo hakusoma. "Hakimu aliangalia tairi?"

"Aangalie tairi ili iweje? Gari limeshatoa kauli."

Kwa Levina hilo lilikuwa jambo la kawaida, na kwa Onesmo pia. Ilikuwa miaka tisa sasa tangu sheria ibadilike. Gari linakumbuka kila kitu, halina ndugu, halina njaa, halimwogopi mtu. Kwa hiyo kilichoandikwa na gari husimama mahakamani peke yake. Binadamu aliyebaki kwenye kichwa cha gari huitwa mwangalizi. Kazi yake ni kukaa.

"Na mwangalizi wake, Yusto?" Onesmo aliuliza.

"Yusto Nyenza? Anakiri leo. Saa tisa anaweka kidole, Iringa. Akikiri ni miaka mitatu, akibisha ni kumi. Mimi mwenyewe nilimshauri akiri. Usinitazame hivyo, fundi. Gari linasema joto lilikuwa tairi la kati kulia. Likanyanyua ekseli ya kati ili tairi lipumue, kama inavyotakiwa. Yeye akabonyeza kitufe chekundu, akaishusha kwa nguvu. Trela likapiga kichwa teke, nyaya za tairi la nyuma kushoto zikakatika, basi. Eti aliona moshi nyuma kushoto. Moshi wa nini huko, wakati joto lilikuwa kulia?"

Onesmo alisema atachukua jeki.

2

Sensa yenyewe ni kidude kidogo kuliko kiberiti. Inakaa ndani ya tairi, imefungwa kwenye rimu palepale ilipo valvu, inapima upepo na joto. Inajua upepo wake, inajua joto lake, ila haijui iko wapi. Mahali pake lazima ifundishwe na fundi. Fundi huweka kifundishio karibu na valvu, anachagua "kati kulia" au "nyuma kushoto", anabonyeza, sensa inaitika kwa mlio mmoja. Kuanzia hapo itaapa kwamba iko hapo, hata ukiifunga kwenye tairi la mkokoteni. Ukiifundisha mahali pengine, pa kwanza panafutika kabisa, hapabaki hata alama.

Onesmo alikivua kifundishio shingoni, akaunganisha waya wa betri kwenye trela bovu, akaliamsha. Kioo cha kifundishio kikamletea mistari sita.

Mstari wa nyuma kushoto ulisomeka paundi mia na kumi na nane.

Mstari wa kati kulia ulisomeka sifuri.

Alitembea mpaka nyuma kushoto. Akashika nyuzi za waya zilizoning'inia kwenye rimu, akazivuta kidogo. Hapakuwa na hata paundi moja pale. Akazunguka mpaka kati kulia, akaligonga tairi kwa kisigino. Lilikuwa gumu kama jiwe.

Hakushtuka. Kumbe alikuwa ameshajua tangu ile asubuhi ya redio, na alichokuwa akifanya siku zote kumi na moja ni kutokwenda kuangalia.

Mafundi wa Ilula wana desturi yao. Barabara ya hapo imelalia kushoto, na tairi la nyuma kushoto ndilo linaloumia zaidi. Kwa hiyo kabla gari halijashuka Kitonga, fundi anayejiheshimu hulipumzisha: analitoa nyuma kushoto, analipeleka kati kulia, la kati kulia linachukua nafasi yake. Marehemu Mgongolwa, aliyemfundisha Onesmo kazi akiwa na miaka kumi na minne, hakuruhusu gari lishuke bila kupumzishwa. Wakati huo tairi lilikuwa mpira na upepo tu. Siku kumi na moja nyuma hakuna aliyeiomba kazi hiyo. Yusto alikuwa ameenda kunywa chai, na Onesmo akaifanya kwa roho safi, kama kumfunga mtu kamba ya kiatu.

Kichwa kilichovuta trela siku ile kilikuwa kipya, cha mwaka huo. Vichwa vipya havihitaji kifundishio. Vinasikiliza mawimbi ya sensa na kujua wenyewe kila tairi liko wapi. Onesmo alibana nati, akakitazama kioo cha kichwa, kikawaka kijani. Akaweka kidole: sensa zimefundishwa. Lakini trela lilikuwa la zamani. Masikio ya kichwa yaliishia kwenye tairi za kichwa chenyewe. Ile kijani ilikuwa ya kichwa peke yake.

Basi kule Kitonga tairi la nyuma kushoto lilipopata moto, lilipiga kelele kwa jina la kati kulia. Gari likasikia, likatii. Likanyanyua ekseli nzima, likamwongezea mgonjwa mzigo. Yusto akatazama kioo cha pembeni, akaona moshi, akafanya alichopaswa kufanya, ila alichelewa.

Onesmo alizima kioo. Mtu akimdanganya mtu mwenzake, yataisha kwa faini au kwa kuombana radhi. Kulidanganya gari ni miaka kumi na tano, maana sheria inasema gari haliwezi kujitetea. Na kidole chake kilikuwa kimesema uongo. Alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Akalipiga jeki trela.

3

Alianza na ekseli ya mbele. Akatoa upepo, akabandua mpira kwenye rimu kwa mtaimbo, akaingiza mkono, akafungua sensa, akaipangusa. Akaifunga kwenye trela jipya, akajaza upepo, akaifundisha. Mbele kushoto. Mlio. Mbele kulia. Mlio. Mikono ilijua kazi, haikumuuliza neno. Kati kushoto. Nyuma kulia. Kufika saa saba zilikuwa zimeingia nne, na kioo cha kifundishio kilionyesha, kwa trela jipya, mistari minne safi na miwili mitupu.

Alichotakiwa kufanya sasa ni kuzifundisha mbili zilizobaki. Zingesahau. Kazi hiyo, kama angeifanya siku ile, Kilian Mhema angekuwa hai. Akiifanya leo, hakuna atakayejua kwamba haikufanyika. Na safari hii alikuwa na kibali cha hakimu.

Pikipiki ya umeme ilisimama getini. Akashuka Yusto Nyenza, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni, shati limepigwa pasi.

"Nimefuata jiko langu," alisema kutoka mbali. "Na blanketi. Viko kwenye sanduku la trela, kama hamjaviuza."

"Jiko lako nani alinunue? Lina mguu mmoja mfupi," Onesmo alijibu. Maneno yalitoka yenyewe, kama kawaida yao.

"Huo mguu mfupi umepika ugali mwingi uliokula wewe, Kikoti."

Levina alikuwa kwenye gari lake kivulini, akiongea na simu. Alimpungia Yusto mkono, Yusto akaitikia kwa kichwa. Yusto na Onesmo wakapiga magoti kwenye sanduku la vifaa. Kifuniko kilikuwa kimepinda. Onesmo alikifungua kwa mtaimbo. Yusto akatoa jiko, sufuria, blanketi la mistari, akavipanga chini kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto.

"Mkono unasemaje?"

"Unapona. Ningependa usipone haraka, nasikia wenye mikono mibovu gerezani hawapelekwi shambani." Akacheka peke yake. Kisha akalitazama lile tairi lililochanika. "Fundi, wewe umekaa na tairi miaka mingi. Nikuulize kitu."

"Uliza."

"Mtu anaweza kuona moshi ambao haupo?"

Onesmo alikuwa ameshika kitasa cha sanduku. "Kwa nini?"

"Mimi niliuona. Mweusi, mzito, unatoka pale." Akanyoosha kidole nyuma kushoto. "Nilijiambia, huyu anaungua, na gari linamwongezea mzigo. Nikabonyeza. Sasa nimeonyeshwa kauli, mara nne. Joto liko kulia. Mwanasheria kanieleza vizuri tu, wala hakunifokea. Anasema macho ya binadamu akiogopa huumba vitu. Mke wangu naye anasema nilikuwa nimechoka." Akakung'uta blanketi. "Usiku nikifumba macho nauona bado kushoto. Juzi nikaanza kuuona kulia. Sasa hivi hata ukiniapisha sijui. Huenda nilimuua yule kijana kwa moshi wa kichwani mwangu."

"Ndiyo maana unakiri?"

"Miaka mitatu si kitu, nitaimaliza. Ila nikitoka, nitaaminije nikiona kitu? Nikiona gari linakuja, nivuke au nisivuke?" Aliliinua jiko, akaliweka tena. "Basi. Nipe maji ninywe, pikipiki imekwenda kuchaji, inarudi saa nane kasoro kunipeleka Iringa."

Onesmo alimletea maji kwenye kikombe cha bati. Yusto akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanywa taratibu, kama mtu ambaye hana pa kuharakia.

Onesmo alikwenda kwenye tairi la kati kulia, akachutama. Akaweka kifundishio kwenye valvu. Kioo kikamwuliza ihamie wapi. Kidole gumba kikakaa juu ya kitufe.

Alisubiri huruma ije, au woga, chochote kile kitakachomsukuma upande mmoja. Hakikuja. Alimfikiria Kilian Mhema, akapata jina na umri tu. Alifikiria miaka kumi na tano, akapata namba. Pale alipokuwa amechutama alimsikia Yusto akishusha kikombe kwenye saruji, na kile kikombe kikagongana na sakafu mara mbili, maana Yusto hakukiangalia. Aliipapasa sakafu nacho, akajaribu, akajaribu tena, kama kipofu. Macho alikuwa nayo mazima. Aliacha tu kuyatumia.

Onesmo aliondoa kidole.

4

"Dada Levina!" aliita. "Njoo mara moja. Na wewe, Nyenza."

"Nina simu, fundi."

"Ikate."

Hakuna aliyewahi kumsikia akiongea na mteja hivyo. Levina alikata simu, akaja. Onesmo akampa Yusto kifundishio, akakiweka vizuri kwenye mkono wake wa kushoto.

"Nisomee mstari wa nyuma kushoto."

Yusto alikunja uso. "Mia na kumi na nane."

"Liangalie tairi la nyuma kushoto."

Wote watatu wakalitazama. Kipande cha mpira kilikuwa kikipepea kwa upepo wa saa saba mchana.

"Kifundishio chako kibovu," alisema Levina.

"Huenda." Onesmo akatoa msumari mfukoni, akauchomeka kwenye valvu ya kati kulia. Upepo ukatoka kwa mluzi mkali. "Soma tena. Uleule mstari."

"Nyuma kushoto..." Yusto alianza. "Mia na kumi na tano. Mia na kumi na mbili. Mia na..." Aliitazama mikono ya Onesmo kulia, akatazama kioo, akatazama tena mikono. "Unatoa hapa, linapungua kule."

"Ndiyo."

"Acha."

Onesmo akaachia. Namba ikasimama.

"Toa tena."

Akatoa. Namba ikashuka.

"Tena, fundi."

Alifanya hivyo mara saba au nane, Yusto akisema acha, akisema toa, kama mtu anayemjaribu mwizi kwa maswali yaleyale. Levina alikuwa mwepesi wa akili. Uso wake ulikuwa umeshafika mwisho wa habari wakati Yusto bado yuko kwenye namba. Tairi likalegea, likakaa juu ya rimu.

"Kwa hiyo moshi," alisema Yusto.

"Ulikuwa kushoto. Uliona sawasawa. Niliyabadilisha yale matairi ukiwa kwenye chai, sikuzifundisha sensa."

Yusto alimrudishia kifundishio. Hakumpiga, hakumshukuru. Alirudi kwenye ndoo yake, akakaa, akafunika uso kwa mkono mzima. Akiwa hivyohivyo akasema, "Siku kumi na moja, Kikoti. Ulikuwa wapi?"

Onesmo aliurudisha msumari mfukoni.

Levina alimsogelea, akashusha sauti. "Uliweka kidole."

"Niliweka."

"Hilo ni kosa la kulidanganya gari. Unajua ni miaka mingapi?"

"Najua."

"Nilikupa kibali. Ungezihamisha tu, mimi ningeondoka zangu." Ilikuwa hasira, lakini haikuwa wazi anamkasirikia nani. Alisimama na simu mkononi muda mrefu, akalitazama trela jipya, akamtazama Yusto kwenye ndoo. Kisha akapiga. Alitaja namba ya trela, namba ya kesi, akasema mwangalizi asikiri, akarudia kwa ukali: asikiri. Akasikiliza. Akamnyooshea Onesmo simu.

"Wanataka kauli yako sasa hivi. Ni mashine inayopokea."

Onesmo alijifuta mikono kwenye ovaroli, akaishika simu kwa ncha za vidole asiichafue. Sauti ilikuwa tulivu, si ya kike si ya kiume. Ilimwuliza jina, akajibu. Ikamwuliza kazi, akajibu. Ikamwambia aeleze alichofanya.

"Nilihamisha tairi mbili," alisema. "La nyuma kushoto likaenda kati kulia, la kati kulia likaja nyuma kushoto. Kioo kikawaka kijani, nikadhani ni kwa yote."

"Ulidhani," sauti ikauliza, "au uliangalia?"

Levina alikuwa amegeuka pembeni. Yusto aliinua kichwa.

"Nilidhani," alisema Onesmo.